Wakianza Kuitana Ndugu

Ajenti hakuogopa matusi. Alichoogopa ni adabu. Asubuhi akisikia waziri wetu na mwenzake wa ng'ambo wamerushiana maneno mbele ya waandishi, alikuja dukani kwangu mikono nyuma, akaketi juu ya gunia la mchele, akasema, "Basi, salama. Agiza mzigo wako." Lakini siku redio ikitangaza kwamba nchi hizi mbili zina uhusiano wa kindugu, na kwamba mazungumzo yamefanyika katika hali ya kuheshimiana, alivua kofia akajipepea nayo. "Wameanza kuitana ndugu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nunua mahindi mapema, mwanangu."

Mimi nina duka hapa Voi, si mbali na stesheni ya zamani. Mchele, maharage, viungo, vitunguu, vitu vyangu vingi vinatoka Tanzania kupitia Taveta, na mpaka ukikorofishwa, rafu zangu hubaki zinanitazama. Kwa hivyo mzee anayekaa juu ya gunia langu na kunieleza serikali zinawaza nini, simfukuzi. Hata akikosea, nitakuwa nimecheka.

Watu wote walimwita Ajenti kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kule Taveta mpaka akastaafu: kuwajazia wenye mizigo makaratasi ya forodha, na kukimbizana na maafisa wa pande zote mbili hadi lori lipite. Alipostaafu hakupanda kwao Wusi, kwenye milima ya Taita, alikokuwa na shamba, migomba na nyumba ya mawe. Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka langu. Nilimuuliza kwa nini, maana wenzake wote hungoja kwa hamu siku ya kurudi milimani kwenye baridi na maji. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kipuuzi. "Kule juu malori hayapiti," akasema.

Na malori aliyasoma, wallahi. Alisimama mlangoni mwangu, shati jeupe la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni ingawa hakuwa tena na cha kujaza, akitazama yanayokata kona kutoka barabara ya Taveta. Hakutazama mzigo. Alitazama dereva. "Huyu amenyoa," alikuwa akisema. "Amevuka bila shida. Yule mwenye ndevu amelala Holili, ng'ambo ya geti, tena amelala sana. Kuna kitu huko." Kisha aliniachia hilo neno, kuna kitu huko, akaenda zake kunywa chai, nami nikabaki nikijiuliza ni kitu gani. Mara nyingi jioni tulisikia kwenye habari. Mara nyingine dereva alikuwa hana wembe tu.

Nisije nikamfanya nabii. Msimu mmoja aliniapia kwamba vitunguu vitazuiwa, kwa sababu viongozi wa nchi zote mbili walikuwa wamepigwa picha wameshikana mikono muda mrefu kupita kiasi. "Mkono wa salamu hauzidi pumzi mbili," alisema. "Ukizidi hapo, mmoja anamzuia mwenzake asiondoke." Nikajaza vitunguu mpaka chini ya kitanda changu. Vilivyofuata ni vitunguu tele, vya bei ya bure, vinamwagika sokoni, na vyangu vinaota majani. Nilimsema siku hiyo! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema kwa utulivu, "Sasa angalia, unanitukana. Maana yake mimi na wewe hatuna tatizo lolote." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Vijana wa bodaboda wanaoegesha hapo nje walimpenda kwa sababu hakuwa na upande. Wakimwambia, "Mzee, hawa Watanzania wametuzoea. Wanafunga mpaka vile wanataka," aliwageukia kwa ukali akawauliza Kenya imeyarudisha mara ngapi mahindi ya watu kwa kisingizio cha sumu kuvu. Alipokuja dereva wa kutoka Moshi akaanza kuwasema Wakenya kwamba ni watu wa papara na ujuaji, Ajenti alimkata kauli papo hapo: na barabara hii ya lami unayoendeshea, si imejengwa na papara hiyo hiyo? Kila mgeni aliondoka akiamini mzee huyu ni wa upande wa pili. Sikukuu za taifa za Kenya alivaa tai. Za Tanzania, tai ile ile.

Alikuwa na namna yake ya kushusha mambo makubwa mpaka yatoshe mezani. Uganda alimwita binti mwenye posa mbili. Kila lilipotajwa bomba la mafuta lililopelekwa Tanga, au kontena zilizohamia Dar, alisema, "Bwana harusi wa Mombasa alidhani mahari yake imepokelewa zamani, akaacha hata kuoga. Yule wa pili akaja amenyoa." Nikamwuliza hayo yananihusu nini mimi muuza dengu. "Barabara inayotoka bandarini inapita mbele ya mlango wako," alisema. "Mizigo ikipungua, madereva watapungua. Madereva wakipungua, nani atanunua hizo sambusa za jirani yako? Na jirani asipouza sambusa, nani atanunua dengu zako?" Ala! Nikaanza kusikiliza habari za Kampala kama mtu anayesikiliza habari za mkwe.

Hadithi ya mlima hakuitaka kabisa. Tumefundishwa shuleni sote kwamba mpaka ulinyooka kutoka ziwani mpaka ukafika hapa kwetu ukapinda, kwa sababu malkia wa Waingereza alimpa mjukuu wake wa Kijerumani Kilimanjaro kama zawadi. Mtu akiisema mbele yake, alikunja uso. "Zawadi gani! Walibishana mezani mpaka wakachoka, mmoja akachukua mlima, mwingine akachukua bandari. Hakuna aliyempenda mjukuu." Halafu kwa kawaida aligeukia reli ya zamani ya kwenda Taveta, ile iliyowekwa haraka haraka wakati wa vita ili kubeba askari wa kwenda kupigana na Wajerumani. "Reli ilijengwa kwa ajili ya bunduki," alisema. "Lami imejengwa kwa ajili ya nyanya. Msije mkaniambia hakuna maendeleo."

Sasa, hiyo kanuni yake ya matusi na adabu, mimi kwa muda mrefu niliiona ni uchekeshaji wa mzee asiye na kazi. Ilinichukua muda kujua aliitoa wapi. Aliitoa kwa dada yake.

Dada huyu, mkubwa kwake, aliolewa Upareni, ng'ambo, karibu na Mwanga. Wazee wa Taita na wa Upare wanasema zamani walikuwa watu wamoja, wengine wanaapa na wengine wanakana, lakini utani baina yao hakuna anayeukana. Mpare atamwita Mdawida, yaani Mtaita, kila jina chafu msibani na hakuna atakayenuna. Asipomwita ndipo watu wataulizana kuna nini. Yule dada alipoolewa huko aliuvaa Upare mzima mzima, utani na vyote, na wa kwanza kuonja alikuwa mdogo wake. Wakawa hawana lugha nyingine. Sijawahi kumsikia Ajenti akisema anampenda dada yake. Alisema, "Yule mchawi wa Mwanga amenipigia simu asubuhi," na uso wake wote ulikuwa unacheka.

Halafu jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Ajenti alikuwa kijana. Miaka ile, aliniambia, mtu aliweza kusimama Taveta akaona moshi wa jiko la Holili na asiweze kwenda kula. Barua ziliwafikia kwa kuzungushwa mbali, na zilisomwa njiani na watu wasiowajua. Kwa sababu ya hao wasomaji, dada aliandika kwa adabu. Mpendwa ndugu yangu. Ni matumaini yangu u mzima. Ajenti alisema kila barua ya namna hiyo ilimfanya ajisikie yatima. Mpaka ulipofunguliwa alikuwa kwenye kundi la kwanza pale getini, na dada akatokea upande wa pili ana mtoto mgongoni asiyemjua, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Umezeeka vibaya." Hapo, alisema Ajenti, ndipo alipojua kwamba mpaka umefunguliwa kweli.

Mimi ni mbishi, nikamkumbusha jambo. Kabla ya kufungwa ule mpaka, si viongozi walitukanana sana? Si huko walituita manyang'au, nchi ya mtu kula mtu, na wakubwa wetu wakajibu? Basi kanuni yako iko wapi? Alifikiri kidogo, nikafurahi kwamba nimemkamata. "Yale yalikuwa yameandikwa," akasema. "Waziri alipewa karatasi akasoma. Tusi la kusoma kwenye karatasi si tusi, ni barua ya serikali. Tusi la kweli linamtoka mtu kabla hajafikiri." Nikamwambia yeye atapata njia ya kutoka hata kwenye chupa. "Ndilo hilo," alisema. "Ndilo hasa tusi la kweli."

Nimewaona pamoja, ndiyo maana nasimulia. Jumamosi moja nilikwenda Taveta kuangalia mzigo, nikawakuta kwenye hoteli ya chai pembeni ya soko. Siku za soko watu wa Holili na wa vijiji vya ng'ambo huingia na ndizi zao na kutoka na sabuni na mafuta, na hakuna anayeuliza sana. Hiyo ndiyo siku waliyojiwekea hao wawili, mara moja kila mwezi, tangu Ajenti akiwa kazini. Dada alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kanga mbili na macho yasiyosamehe.

"Huyu ndiye mwenye nyumba anayekufuga?" alimwuliza yeye huku akinitazama mimi. "Pole sana, mama. Anakula kweli huyu. Alizaliwa anakula."

"Mchele wenyewe anaouza unatoka kwenu," Ajenti akajibu, "nusu mawe."

"Mawe tunawawekea nyinyi makusudi. Wa kwetu hauna."

Wakaendelea hivyo chai nzima, Ajenti akimwita mbuzi wa Same, dada akimwita nyang'au, mwizi, mtoto aliyeokotwa chini ya mgomba. Katikati ya hayo, bila kukatisha maneno, dada alivunja andazi lake akaweka nusu kubwa kwenye sahani ya mdogo wake, na mdogo wake akala bila kutazama. Nilirudi Voi nikiona wivu, maana mimi na kaka yangu wa Mombasa tunaulizana hali na kuitikia alhamdulillahi, tukimaliza hatujui kitu.

Kisha ukaja uchaguzi wa ng'ambo.

Sina haja ya kueleza yaliyotokea, kila mtu wa huku aliyasikia kwa namna yake. Mtandao ulizimwa. Malori yalisimama. Watu walikatazwa kutoka nje, na hapa Voi madereva wa huko walilala chini ya magari yao wakipiga simu zisizopokelewa. Ajenti alikaa juu ya gunia langu siku nyingi akiitazama barabara. Hakutabiri kitu. Nilimuuliza mara moja, "Ajenti, kuna nini huko?" Akasema, "Sijui," na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo. Nilimwonea huruma, nikampa chai ya tangawizi na sikumtania.

Mtandao uliporudi, ujumbe wa dada uliingia. Binti yake Ajenti, anayefanya kazi ofisi ya kaunti kule Mwatate, alikuwa amekuja kumtazama baba, akamsomea pale pale dukani kwa sababu mzee herufi ndogo hazioni. "Habari za masiku, ndugu yangu. Natumaini wewe na familia mko salama. Sisi huku tunaendelea vizuri kwa neema za Mungu. Ubarikiwe."

"Alhamdulillahi!" nikasema mimi. Binti naye akashukuru. Tukamgeukia mzee tukakuta amevua kofia.

"Soma tena," akasema. Akasomewa. "Tena." Akasomewa. "Hajanitukana," akasema.

Binti, Mungu amweke, amelelewa vizuri na amesoma. Akaona ujumbe wa heshima unastahili jibu la heshima, na kabla baba yake hajapata pumzi alishaandika: Asante sana shangazi, tumefurahi mno kusikia mko salama, baba anakusalimia na anakuombea kila la heri. Akaweka na maua. Akautuma. Jibu halikuchelewa: "Amina. Heri na kwenu pia."

"Amina!" Ajenti alisimama. "Ameniambia amina! Yule mwanamke maisha yake yote anasema sala zangu hazivuki paa!"

"Baba, si nimemjibu vizuri?"

"Umemjibu kama wizara. Na yeye amejibu kama wizara. Sasa hapo tumebakiza kuita mabalozi nyumbani."

Tulicheka, mimi na binti. Yeye hakucheka. Nikajaribu kumtuliza, nikasema labda umri umemlainisha, watu wakizeeka hupoa. "Dada yangu?" alisema. "Yule atamtukana malaika wa kumtoa roho." Siku zilizofuata binti alijaribu kurekebisha mambo kwa kutuma salamu zaidi, na kila salamu ilirudi na baraka zaidi, mpaka simu ya mzee ikajaa maua na mikono iliyounganishwa. Na Jumamosi yao ilipofika, dada aliandika kwamba kwa sasa haitawezekana, anaomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu! Ajenti alilirudia neno hilo kutwa. Nilimwona amekonda. Mtu huyu alikuwa anaogopa kumpoteza dada yake akiwa hai, na hakuna daktari wa kumwambia hivyo.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema mwishowe. Binti alikataa: magoti yake, umri wake, hali ya huko. Mimi nikasema nina mchele wa kuangalia Holili, nitamsindikiza. Mchele ungeweza kusubiri, lakini sikuweza kukaa na ule udadisi. Nilitaka kujua kama ni kweli. Nilitaka kumwona yule mwanamke mkavu akisema ubarikiwe kwa mdomo wake.

Njiani hakueleza kitu, hata tulipopita Maktau ambapo kwa kawaida angeanza na reli yake na bunduki. Mlima ulikuwa umefunikwa wote. Pale Taveta tulikodi pikipiki mbili, tukavuka, tukagongewa mihuri, na dada akatukuta kwenye mgahawa mdogo karibu na geti la Holili. Alikuja peke yake kwa bodaboda. Kanga zilikuwa mbili kama siku ile, lakini mwanamke alikuwa nusu.

"Karibuni sana," alisema. "Poleni na safari."

"Umekonda mpaka imebaki pua," akasema Ajenti.

"Tunamshukuru Mungu."

"Nimekuja kula chakula chenu chote."

"Karibu, ndugu yangu. Jisikie uko nyumbani."

Mtume! Nilishuka moyo. Nilikuwa nimekuja kama mtu anayekwenda kuangalia mchezo, na sasa nilitamani nisiwepo. Meza ya jirani walikaa wanaume wawili wakinywa soda, hawana habari na sisi. Dada aliwatazama wao, akautazama mlango, akaitazama simu yake iliyolazwa kifudifudi. Wanaume wale walipolipa wakatoka, ndipo alipoinama karibu na mdogo wake, akaongea kwa sauti ndogo.

Alisema kwamba siku zile za vurugu, maneno yalienea mtaani kwamba wachochezi wanatoka Kenya. Kijana mmoja alimsimamisha kisimani akamwuliza, "Bibi, kwani wewe si wa kule?" Kijana ambaye yeye mwenyewe alimpokea mikononi siku aliyozaliwa. Hakumfanya kitu, aliuliza tu. Lakini kesho yake mwingine akauliza, na dukani wakanyamaza alipoingia. Ameishi pale tangu usichana, amezika mume pale, ameota mvi pale. Ikasemekana simu za watu zinaangaliwa. "Mimi kwenye simu yangu nina nini?" alisema. "Nina Mkenya ananiita mchawi. Nina mimi namwambia nyang'au njoo uibe. Nani atajua ni mzaha? Nikafuta sauti zako. Zote, mdogo wangu. Kuna ile uliyoniimbia nilipougua, uliyoniita mbuzi wa Same kwa wimbo wa kanisani. Hata hiyo nikafuta."

Mkono wa Ajenti ulikuwa mezani, na kalamu mbili zikiinuka na kushuka mfukoni kwa pumzi zake.

"Basi nimejifunza kuongea kama watu," dada akasema.

"Usijifunze," akasema Ajenti.

Wakaingia wengine, na dada akanyooka kwenye kiti akatuuliza hali ya mvua kule kwetu. Tukamaliza chai tukizungumza mvua. Andazi lilibaki sahanini, zima. Tulipoagana alimshika mkono mdogo wake kwa mikono miwili, akamwambia amsalimie binti, akamtakia safari njema, na Ajenti akasema asante sana. Tukatembea kuelekea pikipiki zetu, polepole kwa ajili ya magoti yake. Kwenye foleni kulikuwa na malori, kina mama wa ndizi, na maafisa kivulini mwa jengo lao.

"We nyang'au!"

Sauti ilipita juu ya malori yote. Kila mtu aligeuka. Dada alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono kiunoni, kanga imemdondoka begani na hakuiokota.

"We Mkenya! Nakuambia wewe, mwenye miguu ya korongo! Umekuja mikono mitupu na unaondoka mikono mitupu! Mkenya gani wewe, unavuka mpaka bila kuiba hata ndizi?"

Afisa mmoja aliinuka kwenye kiti chake. Niliona mkono wa yule mama hautoki kiunoni. Nikasema moyoni, ya Rabbi, mwanamke huyu amefanya nini.

Ajenti hakugeuka. Alisimama ananitazama mimi, machozi yanamtoka, akapaza sauti kuelekea mbele kana kwamba anayatukana malori. "Niibe nini kwenu? Hata mlima mmeufunika na mawingu, choyo kimewajaa!"

Mama mmoja wa ndizi alicheka kwanza. Kisha akacheka dereva. Yule afisa aliyesimama alimtazama dada, akamtazama mzee, akamwuliza wa kwanza aliyekuwa karibu, "Mpare huyo?" Akaambiwa ndiye. "Basi waacheni," akasema, akaketi.

Tulivuka. Upande wa Taveta, pale dirishani Ajenti aliposimama, kijana wa uhamiaji, mgeni kazini, asiyemjua mtu aliyemaliza ujana wake kwenye kaunta hiyo hiyo, alichukua karatasi zake akamwuliza bila kuinua macho.

"Mzee, Tanzania ulienda kufanya nini?"

"Kutukanwa," akasema Ajenti.

Kijana akainua macho.

"Na nimetukanwa vizuri," akasema. "Gonga muhuri."